Siku Zumari Ilipotoka Kashani

Nyumbani kwa Babu, pale Bagamoyo, ngoma ilikuwa haiingii. Si kwamba sisi hatukuipenda. Mimi, walai, nikisikia ngoma mtaa wa tatu kiuno kinaanza chenyewe. Lakini ikipita karibu, Babu huinuka, akafunga dirisha, akarudi mkekani na tasbihi yake. Redio ikianza taarabu, anaizima. Tukajua tu kwamba mzee wetu ni mswalihina, mambo ya muziki hayataki. Bibi naye hucheka chini chini huku akichambua mchele.

Ukumbini ilitundikwa picha moja tu, ya marehemu baba yake Bibi, mzee wa kanzu na joho, kakunja uso utadhani kalambishwa shubiri. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaipita mbio.

Jambo moja tu la Babu lilitushangaza. Moto wa mkaa ukigoma, anaitwa yeye. Atapuliza, mashavu yamejaa, pumzi haikatiki, sisi tunahesabu mpaka tunachoka. Tukampa jina la Pampu. Alikuwa anacheka, anafuta moshi machoni, basi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nikaposwa. Baba yangu alikwishafariki, kwa hiyo Babu na Bibi walionilea ndio walioniozesha. Mchumba alikuwa wa Pangani. Yeye sina neno naye, mama yake ndiye! Siku ya kuleta posa aliiangalia nyumba yetu juu mpaka chini, akasema, "Bagamoyo mmepoa siku hizi. Zamani tulikuwa tunapokewa na zumari tangu mbali." Mimi niko nyuma ya pazia, damu inanichemka. Nikamtuma shangazi akamjibu kwamba siku ya harusi zumari itawapokea, waje na masikio yao. Kumbe najifunga mwenyewe.

Maana kwetu mambo hayo si mchezo. Huyo huyo shangazi yangu, siku alipoolewa, mpiga zumari hakutokea, vijana wakagonga debe. Amezaa watoto saba, ana wajukuu, na ukweni mpaka leo wanamwita "wa debe". Ukichekwa siku ya kwanza, umechekwa maisha.

Basi siku ya harusi ikafika, na mpiga zumari tuliyemwita kutoka Kiwangwa, Babu kakubali kwa shingo upande, naye akafika, kajifunga kitambaa kidevuni, shavu limevimba, jicho la upande huo halionekani. Jino! Akajaribu kupuliza, machozi yakamtoka, ikalia sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Shangazi akashika kichwa.

Mimi niko chumbani kwa Bibi, natiwa maua ya piko miguuni. Hata haijakauka, tukasikia lori la wageni limesimama mwisho wa mtaa. Wanawake wa Pangani wakashuka na ngoma zao, wakaanza kuimba kwamba wenyeji wamelala, nani atawaamsha. Na vicheko juu! Nikataka kutoka niwapashe. Somo yangu, mama aliyenifunda, akanikandamiza mabega. "Tulia! Bi harusi hatoki nje kugombana."

"Niachie! Nitaitwa wa debe hadi kufa kwangu!" Nikalia kwa hasira, wanja wote ukamwagika.

Bibi akaingia na shangazi, akanitazama. "Nyamaza, mke mwenzangu," akasema. Akaliendea kasha lake, akatoa kanga moja moja mpaka chini kabisa, akainua kitu kilichofungwa katika kitambaa kilichopauka. Akakifungua kwa taratibu. Ilikuwa zumari ya mpingo, nyeusi, ina pete za shaba. Akamwita Babu.

Babu alipofika mlangoni akashika mwimo. "Mama wee! Si nilikwambia ukaitupe baharini?"

"Uliniambia. Sikuitupa."

Hapo ndipo tulipojua, mimi, shangazi na somo, tumeacha midomo wazi. Babu alikuwa mpiga zumari wa kuitwa, kutoka Saadani mpaka Dar es Salaam. Alipomposa Bibi, yule mzee wa pichani alisema hamwozi bintiye kwa mtu wa ngoma. Babu akaapa mbele yake kwamba hataigusa tena, na hakuigusa. Miaka zaidi ya arobaini! Kumbe yale madirisha hakuyafunga kwa kuichukia ngoma. Aliyafunga kwa sababu alikuwa hawezi kuisikia akakaa kitako.

"Niliapa," Babu akasema.

"Ulimwapia baba, ukanioa mimi. Siku ya debe alikuwa hai, nikalifunga kasha. Leo yuko kaburini, na mimi ndiye nakwambia piga. Kafara ya kiapo si kulisha maskini kumi? Pilau ipo jikoni, sufuria mbili. Tutalisha ishirini."

Yule mgonjwa wa jino, aliyekuwa nyuma ya Babu mlangoni, akachomoa kwenye zumari yake kile kilimi cha jani kinachotiwa mdomoni, akampa Babu kwa mikono miwili. Babu akakilowesha kwa mate, akatoka.

Sauti ya kwanza ilikwaruza, ikakatika. Nje wakaangua kicheko, mimi nikafumba macho. Halafu ikaja ya pili. Ikapanda, ikakaa juu, ikapinda, ikashuka, ikapanda tena, pumzi haikatiki! Kicheko kikazimika. Ngoma za Pangani zikanyamaza, kisha moja baada ya moja zikaanza kumfuata yeye. Somo aliyenikataza nisitoke akaniacha, akakimbilia dirishani. Ah, na mimi nikapanda juu ya kasha na piko mbichi miguuni.

Nikamwona Babu katikati ya uchochoro, kofia imekwenda upande, mashavu yale yale ya kupulizia mkaa. Mzee mmoja wa Pangani alikuwa anapiga kelele, "Ndiye! Wallahi ndiye! Nilidhani kafa!" Na mama mkwe, yeye mwenyewe, akavua kanga ya mabegani, akamtunza nayo Babu, akapiga kigelegele kikali kuliko vyote. Nilicheka, nikalia, nikapiga vigelegele vyangu mwenyewe, aibu ya bi harusi nikaitupa huko.

Babu alipoingia kunipa radhi, midomo ilikuwa imevimba kumshinda yule wa jino. Akaniwekea mkono kichwani.

Pangani nimekaa na jina langu tangu siku hiyo: wa zumari. Miezi mitatu baadaye nilikuja kuwasalimu. Kuingia ukumbini, nikakuta pale pale kwenye ule msumari imetundikwa zumari.

"Shikamoo Bibi. Na picha?"

"Marahaba. Baba nimemhamishia chumba cha uani," akasema, huku anafungua madirisha yote. "Huku mbele kutakuwa na kelele."