Maneno ya Shangazi Niliyoyapunguza

Kazi yangu ni kufasiri. Nna chumba kimoja mtaa wa Ruwi, huku nchi ya Waarabu, juu ya duka la miwani, na watu huniletea vyeti vyao vya ndoa, vya kuzaliwa, vya shule, nikavigeuza kutoka Kiarabu kwenda Kiingereza au kutoka Kiingereza kuja Kiarabu, kisha nikavipiga muhuri wa kuthibitisha kwamba sikuongeza wala sikupunguza. Kiswahili hakiniletei wateja. Kiswahili ni cha nyumbani, cha kwetu sisi tuliotoka Unguja, na ndiyo maana nilishangaa yule mwanafunzi wa Kizungu aliponijia akitaka mkalimani wa Kiswahili.

Ilikuwa katika miezi ile ambayo sote tulijua Sultani wetu ni mgonjwa na hakuna aliyekuwa akilisema kwa sauti. Msichana yule alitoka nchi moja ya Ulaya ambayo nayo ina mfalme. Alikuwa akiandika utafiti wa chuo kikuu juu ya namna watu wa kawaida wanavyouona mustakabali wa ufalme wao. Kwao, alinambia, magazeti huwauliza watu kila mara: mnataka ufalme uendelee, au huyu akiondoka basi? Akacheka akasema baba yake mwenyewe anataka uishie kwa huyu aliyepo. Alilisema hilo huku mlango wangu uko wazi na wateja wamekaa ukumbini. Nikainuka nikaufunga.

Aliomba kuonana na wazee wa Kizanzibari. Nikamfikiria shangazi yangu, dada wa baba, aliyekaa Wattaya kwenye nyumba ya zamani nyuma ya maduka ya magari, pamoja na mwanawe wa kiume na mkwe wake. Nilimchagua kwa sababu alikuwa mtaratibu. Nilidhani atamkaribisha mgeni kwa halua na kahawa, aseme alhamdulillah mara tatu, na tuondoke.

Shangazi alitutandikia majlis, chumba cha wageni. Alivaa kanga mpya. Mgeni alipotoa kinasa sauti chake, shangazi akakiangalia kwa hamu, akaniuliza, "Hiki kitaishika sauti yangu?"

"Ndiyo, shangazi, lakini hatutakitumia," nikasema, na kwa Kiingereza nikamwambia mgeni kwamba mwenyewe hapendi. Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa siku ile.

Mgeni akauliza swali lake: anaionaje kesho ya ufalme wa nchi hii, na je, anafikiri watu wanapaswa kuwa na kauli juu yake? Nikalifasiri kama lilivyo. Shangazi akakiweka chini kikombe cha kahawa. Kisha akaanza.

"Mwambie hivi, mwanangu. Nnampenda Sultani wetu. Yeye ndiye aliyetuita tukaja, wakati tulikuwa hatuna pa kwenda. Kila sala nnamwombea. Lakini mwambie nna khofu. Kule Unguja nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Tulilala tuna Sultani, tukaamka hatuna. Hakuna aliyetuuliza. Waliokuwa wakimtaka hawakuulizwa, wasiomtaka hawakuulizwa. Kaka yangu aliitwa mlangoni, akatoka na kikoi chake, mpaka leo sijui alipolazwa. Sasa huyu wetu ni mgonjwa na hana mtoto, na sote tunajifanya hatujui. Mie nasema watu waambiwe nani atafuata, naye angali hai, ili tusije tukaamka tena asubuhi kama ile. Na nasema watu waulizwe. Mtu anaweza kumpenda mfalme wake na bado akataka kuulizwa. Mwambie hivyo hivyo."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile kwa mara moja. Habari ya ami yangu niliijua kwa vipande tu, kwa jinsi baba alivyokuwa akitoka chumbani ikitajwa.

Hakuna mtu aliyenitisha. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Hakuna aliyenipigia simu, hakuna aliyenikataza. Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa serikali, mwanangu alikuwa akingojea nafasi ya kusomeshwa nje na serikali hiyo hiyo, na mimi nikawaona wote wawili wamekaa mle majlis wakinitazama. Nikamgeukia mgeni nikasema kwa Kiingereza: "Anasema anampenda Sultani, yeye ndiye aliyetuita nyumbani. Alimpoteza kaka yake Zanzibar. Anamwombea Sultani, na kwa yatakayofuata hana wasiwasi, amemwachia Mungu na viongozi."

Msichana aliandika, kisha akainua uso. "Hayo tu? Amezungumza sana."

"Wazee hurudiarudia maneno," nikasema.

Shangazi alikuwa akimtazama usoni, akingojea. "Umemwambia yote?"

"Nimemwambia."

"Mbona hata hakushtuka?"

"Wazungu ndivyo walivyo, shangazi."

Akatikisa kichwa taratibu, akamsogezea mgeni sahani ya halua.

Baada ya miezi kadhaa bahasha ikafika Wattaya. Yule msichana alikuwa mwema, alikuwa amewatumia wote aliozungumza nao ukurasa wenye maneno yao, na barua ya shukrani. Mkwe wa shangazi ni mwalimu wa Kiingereza. Alimsomea mama mkwe wake ukurasa ule, sentensi kwa sentensi, akamfasiria bila kujua anachokifanya.

Ijumaa ile nilikwenda kula kwao kama kawaida. Shangazi alingoja mpaka sinia liondolewe. Kisha akautoa ule ukurasa chini ya mto.

"Hapa pameandikwa sina wasiwasi," akasema. "Hayo siyo maneno yangu."

"Nilikuwa nakuhifadhi, shangazi."

"Kunihifadhi na nani? Mie nna miaka sabini na tatu. Watanifanya nini?"

Nikamweleza habari ya mume wangu na ya mwanangu. Nilijisikia nikieleza, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kujichukia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ningejua unaogopa, ningenyamaza mwenyewe," akasema. "Ningekunyamazia. Miaka yote hii mie nimenyamaza, nnajua kunyamaza. Lakini ulinambia umemwambia. Nilikaa hapa miezi nikijua kuna mtu mmoja duniani ameyasikia. Kumbe sikusema na mtu."

Tokea siku ile hakuzungumza na mimi kwa Kiswahili tena. Alinikaribisha, alinimiminia kahawa, aliniuliza hali ya watoto, lakini kwa Kiarabu, Kiarabu chake kile cha kujifunzia ukubwani, kilichokwaruza na kutafuta maneno, alichokuwa akikitumia kwa majirani na kwa wauzaji. Mwanzoni nilidhani ni hasira ya siku mbili tatu. Mimi nikisema, "Shikamoo, shangazi," yeye hujibu kwa salamu ya Kiarabu, kwa adabu zote. Watu wa nyumbani walidhani amezeeka, anachanganya lugha. Mimi nilijua ananiweka mahali pa mgeni.

Nilimwandikia yule msichana nikakiri kwake niliyoyafanya. Alijibu upesi na kwa upole. Alisema kazi imekwisha kukabidhiwa na haiwezi kubadilishwa, na kwamba wazee wengine aliowahoji, kwa wakalimani wengine, nao walisema mambo yaleyale ya kumwachia Mungu na viongozi. Hilo ndilo lililokuwa tokeo lake kubwa: kwamba watu wa hapa wameridhika. Nikabaki najiuliza wakalimani wale walikuwa nani, na waume zao walifanya kazi wapi.

Kisha Sultani akafa. Ilitangazwa alfajiri, na mimi asubuhi ile ile nikaendesha gari mpaka Wattaya bila kumuaga mume wangu. Nilimkuta shangazi amekaa sebuleni mbele ya televisheni, amevaa baibui la kutokea na viatu vya njia, mkoba uko mapajani. Ndani ya mkoba mlikuwa na pasipoti, dawa zake za presha, na picha. Alikuwa tayari kukimbia, na hakuna aliyemwambia pa kukimbilia. Alikuwa akimlilia Sultani machozi ya kweli, kama mtu aliyefiwa na baba, na huku akisikilizia mlango.

Tukaona kwenye televisheni barua aliyoiacha marehemu ikifunguliwa na jina la mrithi wake likisomwa. Ilikuwa imekwisha, kwa amani, hata mchana haujafika. Simu zikaanza kuingia, watu wakipeana pole na papo hapo wakishukuru. Mume wangu alinipigia akasema, "Unaona? Mlikuwa mkiogopa bure." Huko nje barabara zilikuwa kimya, na maduka ya magari yamefungwa. Shangazi hakuvua viatu mpaka baada ya sala ya adhuhuri. Nilipiga magoti nimvulie, akanizuia mkono, akavivua mwenyewe.

Mwaka mmoja baadaye sheria ikabadilishwa, ikawa mrithi wa kiti atajulikana mapema. Nilimpelekea habari ile kama mtu anayepeleka zawadi. Nilimwambia, "Shangazi, ulilolitaka limekuwa. Sasa watu wataambiwa nani atafuata." Nilisema kwa Kiswahili, nikangoja. "Zen," akajibu. Vizuri. Akamwita mkwe wake alete kahawa.

Kiangazi kile maradhi yaliyoizunguka dunia yakamfikia. Alichukuliwa hospitali na hatukuruhusiwa kuingia. Tuliletewa habari kwa simu, kila siku na kila mara mbaya kuliko jana yake. Siku ya tisa mwanawe akaitwa, akaambiwa mama yake amefariki. Walimzika wanaume wachache waliovaa barakoa, na sisi wanawake tukakaa kila mmoja nyumbani kwake.

Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuchukua vitu vyake. Mlangoni mwa wodi alitoka mwanamke wa makamo, mhudumu wa usafi, ana mfuko wa plastiki mkononi. Aliponisikia nikijinong'onea kwa Kiswahili akachangamka. Alikuwa Mkenya.

"Wewe ni wa huyu mama wa Zanzibar? Pole sana. Huyo mama alikuwa anaongea! Nikiingia kupiga deki ananiambia keti hapo. Siku za kwanza, kabla hajazidiwa, amenipigia stori zote. Za ndugu yake kuchukuliwa. Za sultani wa kwao."

Akaendelea, huku ameushika ule mfuko.

"Akaniuliza nyinyi kwenu mnaulizwa mnataka nani? Nikamwambia ndiyo, mama, tunapiga kura kila miaka mitano. Akafurahi sana. Sasa mimi nikamwambia ukweli, nikamwambia lakini kuna mwaka tulipiga kura na tukachomewa nyumba, mimi na watoto tukalala kanisani wiki tatu. Aki, ningejua nisingemwambia. Akasema, 'Kumbe hata huko.' Akalia. Nikamshika mkono na hizi glavu."

Nilimuuliza kama aliwahi kunitaja, mtoto wa kaka yake, mfasiri.

Alifikiri kwa dhati, nikaona anatamani kunipa kitu. "Hapana," akasema. "Alitaja kijana wake, na bibi ya kijana wake, na ndugu yake. Labda mimi nimesahau."

Ndani ya mfuko mlikuwa na kanga, tasbihi, miwani na simu iliyozima. Akanipa karatasi ya kutia saini kwamba nimevipokea. Palikuwa na mstari wa kuandika uhusiano wangu na marehemu. Nikaandika, "Mtoto wa kaka yake," nikamrudishia kalamu yake, nikamshukuru.