Dirisha Nililolichora Upande wa Upepo

Nyumba yetu mpya ya Mazwi niliichora mimi, na niliikosea. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili nisipate pa kukimbilia.

Sikusomea ujenzi popote. Nilijifunza kwenye simu, nikichora na kufuta hadi karatasi zinatoboka. Ramani niliyoiiga ilikuwa ya nyumba ya Dar es Salaam, yenye dirisha la sebule pana kuliko mlango, limeelekea mashariki. Kule watu wanautafuta upepo. Huku Ufipa, milimani kwenye baridi, upepo wa mashariki ndio unaotutafuta sisi. Nimezaliwa hapa, midomo imenipasuka kila Juni tangu utotoni, na bado dirisha nililiweka palepale, kwa sababu kwenye picha lilipendeza.

Juni ya kwanza ikatutia adabu. Marumaru ziliuma nyayo. Upepo ulipenya kwenye fremu za aluminiamu ukipiga mluzi mwembamba usiokoma. Sauti zetu zilidunda kwenye dari ya jipsamu na kuturudia, tukajikuta tunanong'ona kama wageni. Mama alivumilia siku tatu kwenye sofa, blanketi juu ya kitenge, kisha akahamia jikoni.

Jiko letu la zamani liko nyuma ya nyumba. Ni la matofali ya kuchoma, limeezekwa nyasi, na halina ukuta hata mmoja ulionyooka, nimelipima, najua. Unaingia umeinama. Mwanzoni huoni kitu, unanusa tu: moshi, ulezi uliokaukia darini, sakafu iliyosiribwa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Kisha joto linakupanda kuanzia magotini. Ukiegemea, ukuta una vuguvugu kama ubavu wa ng'ombe. Humo majirani wanaongea kwa sauti zao wenyewe.

Kaka yangu, mtumishi wa serikali huko Mbeya, ndiye aliyegharamia nyumba. Alikuja likizo, akamkuta mama jikoni, akakasirika. Jumamosi jumuiya yetu ilikuwa ije kusali na kuibariki nyumba. Akamwita fundi aje Alhamisi kulibomoa jiko.

"Mama hajazoea tu," alisema mezani. "Hili banda likiondoka, atazoea."

Mama akakoroga chai. Kwetu kifungua mimba akisema, hata mzazi humeza mate kwanza. Akanitazama mimi. Nikanyamaza.

Ukimya ule ndio unaoniaibisha kuliko dirisha. Nilijua mama hana kosa. Lakini mtaani walikuwa wameanza kuniita fundi, na mama mmoja wa kijiji cha Muze alikuwa ameniomba nimchoree nyumba. Nilikuwa tayari jiko livunjwe, mradi ramani yangu isiguswe.

Alhamisi asubuhi fundi alifika na nyundo kubwa begani. Mama alikuwa jikoni kwenye kigoda, anapepeta ulezi.

"Shikamoo, mama. Nimetumwa."

"Marahaba, baba. Nami nimekaa."

Ungo ukaendelea. Fundi akamgeukia kaka, kaka akanigeukia mimi. "Mtoe mama."

Nikaingia, nikaegemea ule ukuta. Mgongo ukapata joto.

"Simtoi."

"Unasemaje?"

"Simtoi. Jiko halina kosa. Aliyekosea ni mimi. Dirisha la sebule nimelielekeza kwenye upepo, ndiyo maana nyumba haikaliki."

Kaka akacheka. "Fundi wa simu! Leo ndiyo unajua upepo unatoka wapi? Kwani umezaliwa Dar?"

"Nimezaliwa hapa, ndiyo maana ni aibu. Nicheke, kaka, nicheke mpaka uchoke. Ila jiko hili halivunjwi, na Jumamosi jumuiya watakaa humu."

"Mwenyekiti wa jumuiya na kiuno chake kile, aje kuinama hapa?"

"Anainama kila wiki akifuata chai," mama akasema bila kuinua macho. "Itakuwa sala?"

Fundi akaangua kicheko, akaishusha nyundo. "Sasa mimi nibomoe nini? Nimekuja kazini."

"Dirisha," nikasema.

Sebuleni fundi aliniuliza alizibe dirisha kwa kiasi gani. Ndipo nikamwita mama, nikamwomba akae kwenye sofa. Akakaa, akafumba macho. Upepo ukamchezea ncha za kilemba. Akainua kiganja hadi sikioni, akakishusha taratibu.

"Unaanza kunipiga hapa, mpaka huku kwenye bega."

Fundi akachora mistari kwa chaki pembeni ya fremu. Kaka alisimama mlangoni, zipu ya jaketi ameipandisha hadi kidevuni.

"Bosi, niendelee?" fundi akamuuliza.

"Usimuulize yeye," nikasema. "Ramani ni yangu."