Bendera ya Mreno na Upindo wa Kamba

Watu wanaoniona leo, nna maduka mawili Darsait na jengo langu Wattaya, mitaa ya Maskati, huniuliza nilianza na nini. Nilianza na sindano. Sikusoma mimi. Chuoni, kwenye Kurani, niliishia juzuu ya Amma, na skuli niliipita kwa nje nikenda zangu kwa fundi. Lakini katika sisi tuliotoka Unguja mwaka ule wa sitini na nne tukafikia Maskati, hakuna aliyeshika sindano nisimshinde. Isipokuwa mmoja, na khabari hii ni yake.

Alikuwa fundi kama mimi, mtoto wa mjini, umri wetu mmoja. Tulikaa baraza moja katika soko la Matrah, jirani na Maskati, mbele ya ghala la tajiri aliyetuazima cherehani, mimi mkono huu, yeye mkono ule. Yeye alifika darasa la nane. Kiingereza akikijua, na Kiarabu chake hakikuchekwa sokoni kama changu. Wateja wakija humwendea yeye kwanza, kisha ndio wanione mimi. Hata paka wa soko akilala chini ya cherehani yake. Nasema kweli, na umri huu sina wa kumficha: nilikuwa nikimwona amekata kitambaa kikatoka sawa, nakipima kwa macho nikitafute kosa.

Pembeni mwa baraza palikuwa na duka tupu, mlango wake mzito wa mbao na misumari ya shaba. Tajiri akatwambia, "Nyinyi wawili, atakayepata kazi ya kudumu ndiye nitakayemfungulia. Duka hili silitoi kwa mtu wa kuokotaokota." Duka lile nililitaka kuliko chakula. Nilikuwa nikifika alfajiri nafuta vumbi mlangoni kama vile langu.

Basi akaja Mzungu mmoja wa kampuni, aliyepanga nyumba kongwe mjini Maskati, chini ya mojawapo ya zile ngome mbili za bandarini. Wareno ndio waliozijenga, na yeye alikuwa na wazimu wa Wareno. Alitaka bendera zao sita zishonwe, tangu za kale mpaka ya siku zile, azipange sebuleni kwake kwenye milingoti midogo. Alikuwa na mgeni anakuja, nahodha wa meli, Mreno khasa. Akatupa picha tatu tatu, zimechorwa kwa rangi, na pembeni maandishi ya Kiingereza. Akasema atakayemfurahisha atampa kazi zote za kampuni: bendera, mapazia, nguo za wafanyakazi.

Mwenzangu alipewa za kale. Mimi nikapewa tatu za mwisho, nikafurahi, maana niliona ndizo ngumu. Ya kwanza nyeupe yenye msalaba mwekundu, waliyokuwa wakiitundika kwenye majahazi yao. Ya pili buluu na nyeupe, katikati taji la mfalme. Ya tatu kijani na nyekundu, na juu ya mshono wa rangi mbili pana pete za dhahabu zinazopitana, kipimo cha mabaharia, ndani yake ngao, na ngao imezungukwa na vingome saba. Fundi gani mwengine angezishona zile pete kwa mkono zisipinde?

Nyumbani mke wangu alipouona msalaba akatupa upawa. "Wareno wametufuata mpaka huku? Na msalaba ndani ya nyumba nnayosalia?"

"Naushona, siusujudii."

"Basi kashonee barazani."

Nikaushonea barazani, nimeulaza uso chini, kila apitaye nasema ni foronya.

Mwenzangu alikuwa akishona ngao. Ngao tano za buluu, kila moja na nukta nyeupe ndani. Siku moja nikamwona amezibandika kwa pini, anazilaza, anazisimamisha, anazilaza tena.

"Una nini wewe?"

"Yakhe, tazama hapa. Zamani ngao hizi mbili za pembeni zililala, ncha zimeelekea katikati. Baadaye mfalme wao mmoja akaamuru zote zisimame. Imeandikwa hapa." Akanyoosha mkono. "Lete zako nikusomee."

Damu ikanipanda. Anisomee mimi, mbele ya wapita njia? "Bendera hazisomwi," nikamwambia. "Huonekana."

Muuza halwa wa jirani akacheka. Nikajiona nimeshinda.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo asiyekuwa wa kwetu hatalijua. Bendera niliyokulia nayo mimi ni nyekundu tupu. Bendera ya Seyyid, sultani wetu kule Unguja, nyekundu tupu, na ya huku Maskati wakati ule nyekundu tupu. Nimezishona kwa mikono hii, Unguja na huku. Haina mbele, haina nyuma, haina juu wala chini. Upindo wa kamba, ule mfereji wa nguo unaopitishwa kamba ya mlingoti, utautia popote. Na kitabu pekee nilichokijua, Msahafu, huanza kusomwa mkono wa kulia. Basi nilipomaliza bendera zangu nikaanzia kulia, pale jicho langu lilipozoea kuanzia, nikatia upindo wa kamba hapo. Kwenye ya kijani na nyekundu, ukakaa upande wa nyekundu.

Siku moja kabla ya kupeleka, mwenzangu akaja upande wangu wa baraza. Aliitazama ile bendera, akazishika zile pete kwa kidole. "Mkono huu," akasema, "sijauona Unguja nzima." Kisha akainama asisikike. "Yakhe, kamba umeitia kwenye nyekundu. Kijani ndiyo inayokaa na mlingoti. Na ile ya taji, buluu ndiyo ianze. Fumua leo, saa moja tu, nitakusaidia."

Nikamtazama. Nikaona mlango wa misumari ya shaba nyuma ya bega lake. Mtu anayelitaka duka lile kama mimi, kwa nini aniambie kosa langu? Nikasema moyoni: huyu anataka nifumue, nichafue kazi, kesho niende na bendera yenye matundu ya sindano.

"Nenda kakae kwenye cherehani yako," nikamwambia. "Ukazilaze ngao zako."

Akaenda.

Kesho yake baada ya alasiri tulikuwa sebuleni kwa yule Mzungu, kazi zetu zimeshatiwa milingotini. Nahodha Mreno akaingia, kofia mkononi. Za kale akazipita polepole, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye zile ngao zilizolala akasimama akamwita mwenyeji wake aone. Mwenzangu akatazama chini. Ya msalaba wangu nayo ilipita salama, maana msalaba kama nyekundu tupu, hauna mbele wala nyuma. Kwenye ya taji akakunja uso. Alipofika kwenye ya nchi yake akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho. Sikujua lugha yake, lakini mkono wake ulikwenda hivi na hivi, kama mtu anayegeuza kanzu iliyovaliwa ndani nje.

Mwenyeji akawa mwekundu kuliko bendera. Akanambia kwa Kiarabu chake kilichovunjika, "Mbovu kwa mgeni wangu." Hakutazama pete hata kidogo.

Wiki ile ile mlango wa misumari ya shaba ulifunguliwa. Niliposikia bawaba zikilia sikuinua kichwa. Mwenzangu hakunambia hata mara moja "nilikwambia." Angalisema, ningalimchukia nikapoa. Nikahama, nikapata cherehani yangu kwa jasho langu, nikasimama peke yangu.

Mwaka wa sabini nchi ikapata bendera mpya. Nyeupe, nyekundu, kijani, na pembeni ukanda mwekundu wenye jambia na panga mbili juu yake. Kila duka likitaka yake, na mtu mmoja akaniletea karatasi yenye mchoro na maandishi. Nilizunguka nayo soko zima, kisha nikaenda pale pale, penye mlango wa misumari ya shaba.

"Nisomee," nikamwambia.

Akavaa miwani. Akanitazama juu ya miwani. "Bendera hazisomwi, yakhe. Huonekana."

Maneno yangu mwenyewe, kayaweka miaka yote ile kama karafuu kwenye kopo. Wateja wake wakatugeukia. Nikaisukuma karatasi mbele yake.

"Kamba upande wa jambia," akasema, amecheka sasa. "Na ukimaliza lete nikutazamie."

Nikasema sihitaji. Nilimpelekea.

Siku zilipotundikwa nilipita soko lote kichwa juu, nikitazama kamba kwanza. Zangu zote zilikuwa sawa. Juu ya mlango wa misumari ya shaba palikuwa na yake moja. Nayo ilikuwa sawa, na jambia lake, Mungu anisamehe, lilikuwa zuri kuliko langu.