Polisi Wawili wa Njia ya Matete

Mtaani kwetu Baraka mimi ndiye niliyesomea utawala. Kwa hiyo akina mama wanaoshuka ziwani alfajiri kununua ndagala, dagaa wa huku kwetu, walipoanza kunyang'anywa pesa na simu kwenye njia ya matete, hawakujiuliza nani aseme mbele ya polisi. Mama yangu alikuwa ameshavamiwa mara mbili. Mara ya pili walimsukuma akaanguka, na mkono ukavimba.

"We utaenda kutuombea bapolisi babili," aliniambia. "Basimame pale asubuhi, basi. Ni maneno kidogo."

Maneno kidogo! Mtu aliyenizaa mwenyewe.

Komanda wa kituo chetu cha polisi alikuwa na desturi ya kukaa na wakaaji wa mtaa mara moja kwa mwezi, katika darasa la shule ya msingi, kusikiliza mambo ya usalama. Nilikuwa na wiki nzima ya kujiandaa, na wiki nzima ni hatari kwa mtu kama mimi. Nilianza kujiuliza: hivi, ninamwomba nani hasa? Nikimwomba komanda kitu kisicho katika uwezo wake, nitamwaibisha mbele ya watu. Akiaibika, atanichukia. Akinichukia, nitafanyaje siku nitakapopoteza kitambulisho? Kufikia Ijumaa nilikuwa nimeshajiona nimesimamishwa kwenye kila kizuizi cha barabarani kutoka Makobola hadi Fizi.

Basi niliamua kwamba ombi langu litapita kila ngazi kwa heshima yake.

Ubaya ni kwamba mtu alikuwa ameacha chaki. Nilipoitwa kusema, nilijikuta niko ubaoni. Juu kabisa nikachora kisanduku cha Kinshasa, nikaeleza kwamba polisi ni moja kwa taifa zima. Chini yake nikaweka Bukavu, kwa ajili ya jimbo. Chini ya Bukavu nikachora visanduku viwili kando kwa kando: Fizi kwa teritware, yaani wilaya, na Baraka kwa mji.

Mzee mmoja wa dawati la mbele akainua mkono. "Hapana, mutoto. Baraka iko chini ya Fizi."

"Ilikuwa, papa. Tangu tuwe mji, hatupeleki tena ripoti Fizi. Sisi na wao, wote tunawajibika kwa Bukavu."

Darasa lililipuka kwa makofi. Kijana aliyekaa dirishani akapiga mluzi. "Fizi bakae ku milima yao!" akapaza sauti, na hata komanda akatabasamu. Sikuwa nimewahi kupigiwa makofi maishani mwangu, hata siku ya kutetea kazi yangu ya mwisho chuoni. Makofi yalinipanda kichwani. Nikaeleza kwamba meya anaweza kuomba polisi lakini haongozi kazi yao. Nikaeleza kwamba mpelelezi, katika upelelezi wake, huwajibika kwa mwendesha mashtaka. Mama yangu alikuwa akinitazama kama anayemtazama mtu anayepiga makasia kwa nguvu zote huku mtumbwi umefungwa.

Komanda, kofia juu ya goti, akauliza kwa upole, "Na mi niko wapi pale?"

Nafasi ilikuwa imekwisha. Nikamchora chini kabisa, nusu yake kwenye mbao za fremu.

"Na mi naweza kuweka bapolisi mahali papya bila amri?"

Hapa ndipo nilipopaswa kusema: tafadhali, komanda, tunaomba wawili tu. Lakini nilikuwa nikimlinda asiaibike. "Kwa utaratibu, komanda, hilo linahitaji ngazi ya juu."

Akasimama, akavaa kofia. "Bamama, mumesikia. Mutoto yenu amesema muzuri kuliko mi." Tukafunga kikao kwa sala.

Nje ya lango akina mama walinizunguka.

"Tulikutuma uombe, we umemujibia komanda!"

"Na ni ndagala ndiyo ilikusomesha!"

"Muache," akasema jirani yetu, mwanamke mwenye mabega ya mvuvi. "Kesho asubuhi yeye ndiye polisi yetu. Amri ya Bukavu ikifika, atapumzika."

Nilimgeukia mama yangu anitetee. "Uvae viatu," akasema. "Iko miiba."

Nilikwenda na fimbo na tochi. Waliniweka katikati ya msafara, mahali ambapo kwa kawaida huwekwa mzigo. Ndege alipopaparika kwenye matete nilipiga kelele "Komanda!", nao wakacheka mpaka ufukweni. Lakini asubuhi moja, siku chache baadaye, wanaume wawili walitoka kweli kwenye matete, wakatumulika, wakatuhesabu kwa macho.

"Muko bengi leo," mmoja akasema, wakarudi walikotoka. Hakuna aliyecheka. Mama akanishika mkono.

Jua lilipochomoza nilikuwa mlangoni pa kituo.

"Komanda, naogopa. Bamama pia banaogopa. Tunaomba bapolisi babili ku njia ya matete, asubuhi."

Akanitazama. "Sasa juu ya nini haukusema vile siku ile?"

"Nilikuwa njiani kushuka ubaoni, komanda. Nilikuwa bado Bukavu."

Alicheka mpaka akafuta macho, kisha akamwita msaidizi wake: polisi wanaomaliza zamu ya bandarini watarudi kituoni kwa njia ya matete, polepole, wakati akina mama wanashuka.

Kesho yake polisi wawili walikuwepo njiani. Mama aliwasalimia, wakaitikia, akanigeukia. "Enda ulale."

Nilirudi nyumbani nikajilaza. Nilianza kujiuliza kama amri ile, aliyoitoa komanda kwa mdomo tu, ilikuwa kweli ndani ya madaraka yake. Nikaapa kutomuuliza.