Mchicha Uliofuka Mvuke

Nilinunua hadubini kuukuu kwa mtu aliyekuwa akifunga duka lake la dawa, nikaiweka katika kibanda changu cha kutengeneza redio, mtaani Milanzi. Mengi ninayoyajua nimejifunza kwa kusoma peke yangu, na kanuni yangu ni kuanza na kilicho karibu. Kilichokuwa karibu ni meza ya jirani yangu, muuza mboga.

Nilisuuza fungu la mchicha wake kama lilivyotoka shambani, nikayaacha maji yatuame, nikapima mashapo. Sikuona kitu. Nikarudia kwa fungu alilokwisha kulinyunyizia maji ya mfereji ili lisinyauke. Mayai ya minyoo matatu, yenye ganda la mikunjo, sawasawa na picha ya kitabuni.

Nilimwita. Alichungulia muda mrefu.

"Haya ndiyo nimewauzia watu?"

"Hata mimi nimeyala."

"Wewe mbona umenenepa?"

Hata hivyo alikubali kutumia maji yaliyochemshwa. Ilikuwa Juni, na baridi ya Ufipa asubuhi huvifanya vidole vikatae vifungo vya shati. Siku ya kwanza alichelewa, maji hayakupoa vizuri. Aliponyunyiza, meza nzima ikafuka mvuke.

Mteja wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwenye kanga mbili begani. Akasimama.

"Shikamoo bibi, karibu mboga."

"Marahaba. Mboga yenyewe imeshaiva. Ugali wake uko wapi?"

Hiyo ilitosha. Kesho yake maji yalikuwa baridi kabisa, lakini soko zima lilishajua kwamba pale huuzwa mchicha uliopikwa. Vijana walipita wakiuliza, "Mama, na nyama ipo?" Siku tatu alirudi nyumbani na karai limejaa kama alivyokuja nalo, na meza ile ndiyo inayolisha watoto wake wanne. Siku ya nne aliniambia, "Fundi, umeniharibia. Sasa nitengenezee."

Nilifikiri, nikaona kwamba wateja wanataka kuuona mfereji. Basi kila asubuhi nilichota ndoo mferejini mbele ya macho ya wote, nikaileta nikitangaza, "Maji ya sasa hivi!" Yeye aliisogeza chini ya meza, akanyunyiza kwa ndoo nyingine, ya maji yaliyochemshwa jana yake. Wateja wakarudi.

Bibi naye alirudi. Akainama, akaiona ndoo yangu.

"Mwanangu, ninyunyizie haya mabichi. Hayo mengine yamelala."

Jirani alinitazama. Nikainua ndoo, nikajikwaa kwenye mguu wa meza, maji yote yakaenda chini.

Tangu siku hiyo hawapiti wateja watatu bila mmoja wao kuomba maji mabichi, nami hujikwaa. Wazee wawili wamekwisha kuniita pembeni, wakanisihi niache pombe, kitu ambacho sijawahi kukionja. Jirani akiulizwa habari zangu huitikia kwa huzuni, "Tunamwombea," huku mkono wake ukinyunyiza yale yaliyochemshwa.