Kumnyoa Baba kwa Krimu ya Waridi

Mama yangu alifariki Jumapili, tarehe 9 Mei 1954, nyumbani kwetu mlimani, juu ya Tengeru. Ulikuwa ugonjwa wa kichomi, na haukumchelewesha. Baba hakuwapo. Alikuwa mjini Arusha, katika chumba nilichopanga Kaloleni, amelala chali na macho yote mawili yamefungwa bandeji.

Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. La kulia liliingia mtoto wa jicho, na mama ndiye aliyemsumbua mwaka mzima mpaka akakubali kwenda kupasuliwa. Daktari alimruhusu akae kwangu kwa kuwa hapakuwa mbali na hospitali, lakini alinipa masharti. Asiiname. Asikohoe kwa nguvu. Asiinue kitu. Asitikise kichwa. Na zaidi ya yote asilie, maana akilia, alisema, kazi yote inaweza kuharibika, na mzee hana jicho jingine la kubahatisha.

Habari za msiba ziliponifikia nilimwambia baba kwamba bwana wangu wa kazini ananituma Moshi. Jirani yangu, mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua, alikubali kumpa uji na kumwongoza chooni. Nikapanda mlimani. Tukamzika mama mgombani, tukanyolewa vichwa sisi watoto wake wote, nikarudi mjini nimevaa kofia.

"Huko Moshi mvua vipi?" baba aliniuliza.

"Inanyesha, baba."

"Na nyumbani hujasikia lolote? Mama yako hajambo?"

Nikamwambia hajambo.

Baada ya hapo alikuja baba mkubwa, kaka yake baba. Alimwamkia mdogo wake, akakaa naye kidogo, kisha akaniita nje, kwenye upenu tulipokuwa tukipikia.

"Matanga hayajaanuliwa," alisema. "Tunamngoja yeye."

Kwetu mume akifiwa na mke lazima anyolewe kichwa na ndevu, kwa maji matupu bila sabuni, na nywele zake zikafukiwe karibu na kaburi. Mpaka afanyiwe hivyo, hakuna mtu wa nyumba ile anayeshika jembe. Na ule ulikuwa wakati wa palizi. Magugu yalikuwa yamefika magotini, maharage yamezama ndani yake.

"Basi tumwambie," nilisema.

"Umwambie alie? Apofuke? Mama yako alitaka aone. Anyolewe, asijue."

"Baba mkubwa, mtu mzima anyolewe kichwa kizima asijue?"

"Si wewe unayemtumikia Mzungu? Si wewe unayempelekea maji ya kunyolea kila asubuhi? Mnyoe kama Mzungu."

Nilifanya kazi ya ndani kwa mkulima mmoja wa kahawa. Niliyajua maji yake ya moto, taulo lake, brashi yake ya manyoya na krimu aliyokuwa akiikamua kutoka kwenye tyubu. Baba naye alikwisha kunisikia nikisimulia. Tena tangu afungwe macho ndevu zilikuwa zikimwasha chini ya bandeji, na siku moja alinitania, "Ninyoe kama bwana wako, na mimi nijue wanaona raha gani." Kwa hiyo sikulazimika kutunga sababu. Alikuwa amenipa yeye mwenyewe.

Nilikwenda kwenye duka la Mhindi mmoja, mtu wa maneno mengi. Akaniwekea tyubu mbili mezani.

"Hii waridi, hii msandali. Nusa mwenyewe, kunusa bure. Unaoa?"

"Hapana. Ni ya mzee wangu."

"Ah! Kumbe mzee ndiye anaoa!" Akageuka kumwita mkewe nyuma ya pazia aje asikie.

Duka lilikuwa na joto. Nikavua kofia nijifute jasho. Alipogeuka tena alikiona kichwa changu, akaacha kucheka. Alikuwa Mhindu, na kwao pia mtoto wa kiume hunyoa kichwa akifiwa na mzazi.

"Baba?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mama."

Akamwambia mkewe neno kwa lugha yao, mkewe akarudi ndani. Kisha akaifunga ile ya waridi kwenye karatasi, akanipa kwa mikono miwili. Hakuniuliza mzee anataka krimu ya nini.

Kabla ya kumpaka baba niliijaribu mwenyewe asubuhi, uani, mbele ya kipande cha kioo. Nilikuwa nimenunua na brashi. Nililowesha kidevu kwa maji ya moto, nikakamua krimu kidogo kama punje ya harage, nikazungusha brashi. Povu likainuka zito, jeupe, la baridi kidogo na lenye kuteleza. Harufu ya waridi ikajaa ua mzima, ikafunika moshi wa mkaa na mafuta ya vitumbua. Wembe ulipita bila kukwaruza. Nilipomaliza nilijipapasa shavu, likawa laini kama la mtu mwingine. Tangu mazishi sikuwa nimeonja kitu chochote chenye raha, chakula wala usingizi, na raha hiyo ikanijia kwa jambo kama lile. Niliosha brashi haraka nikaingia ndani.

Tulimkalisha baba kwenye kiti, mgongo wima, bila kuinama. Baba mkubwa alikaa kitandani na jani la mgomba mapajani, tayari kwa nywele. Nikambandika baba taulo la moto, kisha nikampaka povu.

"Hii nini, mwanangu? Umenipaka maua?"

"Krimu ya Wazungu, baba. Ya waridi."

"Kaka, unasikia harufu hii? Mke wangu akinikuta hivi ataniuliza nimelala kwa nani!"

Baba mkubwa alisema, "Atakuuliza kweli," akaliinamia jani lake.

Nilinyoa mashavu, nikanyoa kidevu, nikanyoa shingo. Baba alikuwa akitabasamu chini ya bandeji, anageuza uso kidogo kidogo kunirahisishia. Akasema sasa ameelewa kwa nini Wazungu wanachelewa kutoka nyumbani asubuhi.

"Na kichwa, baba," nilisema. "Jasho linaingia kwenye bandeji."

Nikapaka povu utosini, nikavuta wembe mara ya kwanza juu ya sikio. Baba hakuwa mtu wa kunyoa kichwa. Maisha yake yote nywele zake zilipunguzwa kwa mkasi, na mama ndiye aliyezipunguza.

"Kaka," alisema, "umefuata nini mjini?"

"Nimekuja kukuona."

"Wakati wa palizi?"

Baba mkubwa akaokota nywele za kwanza. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya baba, nimemwinamia, na kofia nilikuwa nimeivua kwa ajili ya joto la maji. Baba akainua mkono. Ulinigusa kwanza kwenye shavu, ukapanda, ukapita kwenye paji la uso mpaka kisogoni, ukarudi. Alikuwa na kiganja kigumu, cha mtu wa jembe. Aliuacha mkono pale.

"Ni mama yenu," alisema.

"Mdogo wangu," baba mkubwa akaanza, "macho yako..."

"Sikukuuliza habari za macho."

"Ni yeye, baba," nilisema.

"Lini?"

"Siku zile."

"Zile ulizokuwa Moshi."

"Ndiyo, baba."

"Mmemzika?"

"Tumemzika. Mgombani, upande wa juu."

Aliuondoa mkono kichwani mwangu akaushika ule mwingine. Povu lilikuwa linamteremka kwenye sikio. Nilitaka kulifuta nikaogopa kumgusa.

"Nioshe," alisema. "Siwezi kumlilia mke wangu nikinuka kama bwana harusi. Nioshe, halafu umalize kwa maji."

Nilimwosha. Nilikinga bandeji kwa mkono mmoja na kumwagia maji kwa kikombe kwa mkono mwingine. Baba mkubwa akabadilisha maji, nikamwosha tena. Krimu ilitoka lakini harufu haikutoka. Ilikuwa imeingia nyuma ya masikio na kwenye mikunjo ya shingo.

"Bado inanuka?"

"Kidogo, baba."

"Endelea basi."

Nilimsugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Hatimaye akasema imetosha, akanipa kichwa. Maji matupu hayasaidii wembe. Ulikuwa ukikwama, ukivuta, nikamkata mahali pawili, naye hakutikisika. Baba mkubwa alikuwa akiokota nywele moja moja, zile zenye povu na zisizo na povu, akizipanga kwenye jani. Alipolifunga kwa ukambaa, baba aliuliza kama zimekwisha zote. Akaambiwa zimekwisha.

Kisha akaomba alazwe chali, kama daktari alivyoagiza, akalia.

Hakutoa sauti. Bandeji ililowa kuanzia ndani, doa likawa linapanuka upande wa kulia. Kifua kilikuwa kikimpanda na kushuka, na kichwa kikaanza kutetemeka juu ya mto. Baba mkubwa alikishika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukakizuia kisitikisike. Katika masharti yote ya daktari lilibaki hilo tu ambalo tungeweza kulitimiza. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Jirani alisimama mlangoni na sahani ya vitumbua, akaona, akarudi nayo.

Baba mkubwa alipanda mlimani na nywele siku ile ile. Kesho yake watu wa kwetu walishika majembe.

Siku ya kufungua bandeji nilimpeleka hospitali. Nilimwambia daktari kwamba mzee amefiwa na amelia. Hakukasirika. Alifungua taratibu, akainua mkono mbele ya uso wa baba.

"Vidole vingapi, mzee?"

"Naona mkono," baba alisema. "Vidole sivioni."

Alimpima tena kwa taa, akampima kwa vioo mbalimbali. Nilimuuliza kama ni machozi. Akasema huenda, lakini akaongeza kwamba wakati mwingine huwa hivyo hata kwa wasiolia. Mimi sijui zaidi ya hapo, na baba hakuniuliza kamwe.

Mvua zilipopungua tulipanda lori mpaka Tengeru, tukaendelea kwa miguu. Njia ilikuwa bado na utelezi, nikamshika mkono mpaka nyumbani. Hakuingia ndani kwanza. Tulimpeleka mgombani. Mvua ilikuwa imelilaza lile tuta, na majani mapya yameanza kuota juu yake. Baba alisimama mahali tulipomsimamisha, akaangalia chini muda mrefu.

"Kichwa kiko upande gani?" aliuliza.

Baba mkubwa akamwambia. Baba alikuwa amesimama upande wa miguu. Akalizunguka kaburi akipapasa kwa fimbo, akaketi upande wa kichwa.