Kona ya Nyasi

Nakumbuka asubuhi moja hapa hapa Heru Juu, fundi akiwa juu ya paa letu na mundu mkononi, alipoacha kukata nyasi na kutuuliza kama nyumba hii ina wenyewe wengine.

Kabla sijaendelea, mwanangu, weka chini hiyo chupa. Tangu jana nakuona unamvizia buibui wa dirishani. Najua mwalimu wenu wa sayansi amewaambia kila mtoto achague kiumbe mdogo wa nyumbani, amtazame wiki nzima, kisha aje kueleza darasani alichokiona. Ni kazi nzuri sana. Lakini alisema mumtazame, hakusema mumtie kwenye chupa ya soda. Kaa hapa karibu yangu. Buibui haendi popote, ana shughuli zake.

Mimi nilipokuwa na umri wako sikuhitaji kutumwa na mwalimu. Siafu wakihama, nipo. Nyigu akibeba udongo wa kujengea ukutani jikoni, nimechuchumaa hapo mpaka miguu imekufa ganzi na maji niliyotumwa kisimani hayajafika. Mama alikuwa akisema nitakuja kuolewa na mdudu. Mwaka ule nilikuwa nawatazama ndege wawili, wale weusi na weupe wanaotembea uani wakitikisa mkia, ambao kwetu tunawaita inyamanza. Walikuwa wamejenga kiota kwenye nyasi za paa, kwenye kona iliyo juu ya baraza, na ndani yake kulikuwa na makinda ambayo hayajafumbua hata macho. Hao ndio wenyewe wengine aliowakuta fundi.

Sasa sikia ubaya wake. Baba alikuwa ameuza kahawa vizuri, akanunua mabati ya kuezekea badala ya nyasi, na haraka yake ilikuwa na sababu. Jumamosi wageni walikuwa wanakuja kutoka Kitanga kumposa dada yangu Anastazia. Ndiyo, bibi yako mwenyewe, mama wa mama yako. Alikuwa msichana mzuri, na alikuwa anampenda kijana wao kweli kweli, si mapenzi ya kuambiwa na wazee. Alitaka wakwe wakute nyumba inang'aa. Na fundi naye alikuwa na kazi nyingine Manyovu inayomngoja, akiondoka harudi mpaka baada ya posa.

Baba akasema kiota kihamishiwe kwenye ghala la maharage. Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa ameketi mlangoni akipukuchua mahindi. Aligeuka akaniuliza mimi, kwa kuwa alijua ninavyoshinda pale, kama ndege watakifuata kiota kikihamishwa. Nilitamani kusema ndiyo, kwa sababu dada alikuwa amesimama nyuma ya baba akinikazia macho. Lakini nilikuwa nimeona kwamba hata mtu akiegemeza jembe tu karibu na ile kona, mama ndege anakaa mbali na chakula mdomoni na haingii mpaka jembe litolewe. Nikasema hawatakifuata, watoto watakufa.

Bibi akapeperusha makapi, akasema, "Basi fundi aezeke kwingine kote. Kona ile ibaki na nyasi zake mpaka watoto watoke."

Baba alilalamika, lakini kwa mama yake alikuwa mtoto kama sisi. Dada alilia. Alisema wakwe watatuona watu tuliojaribu kitu tukashindwa kukimaliza, na mimi ndiye niliyemharibia. Alikuwa amenisuka upande mmoja wa kichwa siku iliyotangulia, na upande wa pili akakataa kuugusa. Hakunisemesha tena. Nikabaki nimesukwa nusu, kama lile paa letu lilivyoezekwa nusu. Unacheka? Cheka tu, wakati ule sikucheka. Nililala naye kitanda kimoja amenigeuzia mgongo, na nilikuwa nampenda dada yangu kuliko ndege wote wa dunia.

Jumamosi wageni wakafika, wakakaribishwa barazani, chini ya kona ile ile. Mjomba wa bwana harusi, mtu mnene wa maneno mengi, aliinua macho akauliza kama mabati yaliisha dukani. Wanaume wakacheka. Nyuma ya pazia nilimsikia dada akivuta pumzi ya mtu anayejizuia kulia, na nikatamani ardhi inimeze.

Mama wa kijana, mjane mpole aliyekuja na kigoda chake mwenyewe kwa sababu ya mgongo, ndiye aliyeuliza bila mzaha kwa nini paa limeachwa hivyo. Baba alianza kujikohoza. Bibi akasema aulizwe mtoto, yeye ndiye anayejua. Nikaitwa, nikatoka na kichwa changu hicho kilichosukwa nusu.

Nikaeleza. Nilianza kwa woga, halafu unajua mtu akiulizwa anachokipenda. Nikawaambia kwamba baba ndege na mama ndege wanalisha kwa zamu. Nikawaambia wanapenda nzi na panzi wadogo wa kijani. Nikawaambia hawaachi uchafu ndani, kwa maana kila mtoto akijisaidia, mzazi anaubeba ule uchafu kwa mdomo, umefungwa kama kipande cha sabuni nyeupe, anakwenda kuutupa mbali. Hapo mjomba alicheka mpaka akamwaga pombe yake ya ndizi, na akina mama wakaanza kuulizana ni nani kati ya waume zao angefanya hivyo.

Wakati wanacheka nikamwona mama ndege amekuja. Alisimama pembeni ya paa la jiko na mdudu mdomoni, akatazama, akaruka, akarudi pale pale. Watoto walikuwa wanalia juu ya vichwa vya wageni. Mwanangu, mtoto wa kike hakuwa na ruhusa ya kuwaambia wakwe la kufanya. Lakini nilijikuta nimesema.

"Wageni wetu, samahani, naomba msogee kidogo. Hawezi kuingia mkiwa hapo."

Baba alifumba macho. Mjomba alianza kusema neno, na kabla hajalimaliza, yule mjane aliinuka na mgongo wake mbovu, akashika kigoda chake, akaenda kukaa uani juani. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, mjomba wa mwisho. Mama ndege akaingia, na tukasikia watoto wamenyamaza.

Posa ilikubaliwa siku ile ile. Usiku dada alinivuta karibu na taa, akanisuka upande uliobaki, polepole. Nililia kwa furaha, naye akajifanya haoni.

Lakini hiyo siyo sehemu niliyotaka uisikie. Dada alikwenda Kitanga, na miaka ikapita hajapata mtoto. Maneno yakaanza, kama unavyojua watu. Yule mjomba wa mumewe akaitisha kikao cha ukoo, akataka dada arudishwe Heru Juu na kijana atafutiwe mke mwingine. Mumewe alikuwa ameinamisha kichwa, wazee hawakumpa nafasi ya kuongea. Dada alikuwa amekwisha kufunga nguo zake kwenye kitenge. Ndipo mama mkwe wake akasimama. Dada ndiye aliyenisimulia.

Alisema, "Nyumba aliyotoka huyu iliacha paa halijaisha mbele ya wageni, ikingoja vifaranga vya ndege. Na mimi nilihamisha kiti changu kwa ajili yao. Kwa mkwe wangu ndiyo nishindwe kungoja?"

Kikao kikaishia hapo. Wakangoja. Aliyengojwa ni mama yako, mwanangu, na wewe umetoka kwake.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Usimkamate mdogo ili umjue. Kaa, tazama anapita wapi, anaogopa nini, anabeba nini. Buibui wako ana kijimfuko cheupe chini ya tumbo, sijui kama umekiona. Ndani yake mna watoto. Ukishajua njia yake, usikae katikati yake, sogea. Ukilizoea hilo kwa buibui, utaliweza kwa mke, kwa jirani, hata kwa mgeni aliyevuka mpaka akikimbia vita, na mkeka tu kichwani. Na mwalimu akikuuliza, sema uliyoyaona wewe, hata kama ni ya uchafu.

Mungu akukuze. Akupe macho yasiyo na haraka. Siku utakapokuwa mdogo mbele ya watu wakubwa, akupe mmoja wa kuinuka na kiti chake kwa ajili yako, na wewe akupe moyo wa kuinuka na chako.